Shimo la Tatu Chini ya Shorumu ya Muksini

Nyie watu wa Bariadi mnanichosha. Kabisa. Toka shorumu ya Muksini ifunguliwe barabara ya kwenda Lamadi, simu yangu imejaa picha zenu. Umeegemea Harrier isiyo yako, umevaa miwani, nyuma kioo kinang'aa, chini umeandika "mji umekua". Wengine mmemshukuru Muksini. Wengine mmemshukuru aliyepaka rangi. Kuna mmoja kamshukuru MC wa siku ya ufunguzi, MC aliyekosea jina la mwenye duka mara mbili! Sijaona hata mmoja, narudia, hata mmoja, aliyeuliza: hivi hili jengo limekaaje kwenye mteremko ule bila kuserereka?

Mimi nimeuliza. Mdogo wangu Nancy anafanya kazi mle ndani, anauza magari. Meza yake iko upande wa chini, pembeni ya kile kioo kikubwa kinachozidi urefu wa watu wawili. Mbele yake kioo, nyuma yake magari kumi na nne. Na chini yake? Hapo ndipo nilipotaka kujua. Mtu wa damu yako akiwa anakula wali maharage kila mchana juu ya sakafu inayobeba tani zote hizo, unapata hamu ya kumjua aliyepiga hesabu.

Aliyepiga hesabu anaitwa Felisita Mhoja. Msiseme hamumjui. Ni yule dada mfupi wa pikipiki nyekundu, yenye boksi nyuma lililofungwa kwa mpira, anayepaki kwa muuza karanga na kugombana naye kuhusu chumvi. Nusu ya mji inadhani anauza bima. Ni mhandisi wa majengo, na upande wake hauhusiani na uzuri wala rangi. Mchora ramani anakuonyesha jengo litakavyopendeza. Felisita anasema nguzo iwe nene kiasi gani, ndani ziingie nondo ngapi, na chini ishuke mpaka wapi. Kazi yake ni jengo lisimame. Likisimama, hakuna anayemkumbuka. Likilala, wote wanamkumbuka kwa jina la baba yake.

Amekulia Dutwa, kwenye nyumba ya mkulima wa pamba. Nyumba yenyewe ilikuwa na ufa. Si ule ufa wa kupaka lipu ukasahau. Kiangazi ulifunguka mpaka mkono wa mtoto ukapita. Masika ulijifunga, lakini hapo mlango wa chumba cha wazazi nao ukagoma kufunguka, baba akawa anatokea dirishani. Felisita akiwa darasa la nne alianza kuchora mistari ya mkaa ukutani, pembeni ya ufa, kila mwezi, aone umetembea kiasi gani. Mama yake akamchapa kwa kuchafua ukuta.

"Nilichapwa kwa ajili ya utafiti," ananiambia, anacheka mpaka anashika tumbo.

Chanzo cha ufa ule kila Msukuma anakijua. Mbuga. Kwa mliotoka mikoa mingine: huku kwetu mbuga si ya wanyama tu. Ni udongo mweusi wa bondeni, ule wa mpunga. Ukinywa maji unavimba. Ukikauka unasinyaa na kupasuka mpaka ndala inazama. Kule mwinukoni kuna luseni, kichanga cheupe, kimetulia, kinaotesha karanga na viazi, hakina makuu. Mteremko mmoja unaweza kuanzia luseni ukaishia mbuga, na katikati hakuna kibao cha kukuonya.

Sasa kiwanja cha Muksini ni mteremko wa namna hiyo.

Muksini Jumbe mnamfahamu. Aliuza baiskeli, akaja pikipiki, akaja spea, sasa magari. Akataka shorumu ya kwanza ya vioo mjini, sakafu iwe sawa na barabara ili mtu akipita na basi aone magari yote yamejipanga. Shida ni kwamba kutoka barabarani mpaka mwisho wa kiwanja ni hatua kama hamsini, na ndani ya hatua hizo ardhi inashuka mita tatu na nusu. Ukisimama kule chini, barabara iko juu ya kichwa cha mtu aliyesimama juu ya kichwa chako. Unataka sakafu moja ya kunyooka juu ya kitu kama hicho, na juu ya sakafu uweke magari. Haya, fanya.

Wahandisi wawili wa Mwanza walimwambia atafute kiwanja kingine. Felisita alikuwa amerudi nyumbani mwaka mmoja tu, baada ya miaka sita ya kuchora nondo kwenye ofisi ya watu, na hii ikawa kazi yake ya kwanza kubwa yenye jina lake peke yake chini ya mchoro. Akasema inawezekana. Ila kwanza achimbe aone udongo.

Ilikuwa Agosti ya mwaka juzi. Akapigilia vigingi vitatu: kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini kabisa. Akamwita Kulwa, mchimbaji wa kwao Dutwa, baba wa watoto watano, mtu wa mikono kama chepe. Kazi: kila kigingi shimo la mita mbili, kila shimo kiroba kimoja cha udongo wa chini, kila kiroba kiandikwe namba. Siku hiyohiyo simu ikaingia, baba yake mdogo amefariki Malampaka. Felisita akaondoka.

"Usifukie mpaka nirudi nione kwa macho," alimwambia Kulwa.

"Na ng'ombe je, mayu?" Kulwa akauliza, yaani mama kwa Kisukuma.

"Weka miiba."

Mtu wa Dar atashangaa ng'ombe wameingiaje kwenye habari ya shorumu. Huku Agosti pamba imeshavunwa, ng'ombe wanazurura wanakotaka, na shimo wazi kwenye kiwanja chako ni kesi. Ng'ombe wa mtu akivunjika mguu humo, utalipa ng'ombe, utalipa na maneno. Siku ya pili likapita kundi la kama thelathini, mmoja akakanyaga miiba kama hakuiona. Muksini akapiga simu kwa hofu: fukia yote, haraka. Kulwa akafukia yote.

Felisita aliporudi baada ya siku nne alikuta viraka vitatu vya udongo mpya, vigingi vitatu, viroba vitatu. Akafungua. Kiroba cha kwanza kichanga chenye kokoto. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu, cha chini kabisa, alikotegemea matatizo: kichanga pia.

"Nilifurahi," ananiambia. "Hapo ndipo nilipokosea. Udongo ukikufurahisha hivyo, rudi ukachimbe tena. Mimi nilifunga kiroba nikapeleka maabara Mwanza. Sikuchukua hata futi kupima kama kigingi kiko pale nilipokiweka. Kuchukua futi ni dakika tano."

Na juu ya ardhi hakukuwa na cha kumshtua. Aliyeuza kiwanja alikuwa akipaki malori ya pamba pale, na sehemu yote ya chini aliimwagia moramu nyekundu ili malori yasinase. Ukipita unaona moramu safi, unasema ardhi nzuri.

Basi akachora. Jengo moja refu, msingi wa aina moja kuanzia juu mpaka chini: mashimo ya mita moja na nusu, zege pana kama meza, nguzo juu yake. Upande wa chini ukuta wa kuzuia udongo, nyuma ya ukuta kifusi, juu ya kifusi jamvi la zege, juu ya jamvi magari. Hesabu zake nimeziona, zimejaa daftari mbili, na kwa udongo wa kwenye vile viroba zilikuwa sahihi. Akatia sahihi. Kibali kikatoka. Oktoba mafundi wakaingia. Wakachimba safu za juu, wakafunga nondo, wakamwaga zege. Novemba mvua za kwanza zikadondoka, na msimamizi wa mafundi, fundi Elia, akatangaza kesho yake wanaanza safu za chini. Akampanga Kulwa.

Saa moja asubuhi simu ya Felisita ikalia.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, kaka Kulwa. Mbona mapema?"

"Upo umekaa?"

"Nimesimama, nakunywa uji. Sema."

"Basi kaa."

"Kulwa, sema."

"Lile shimo la tatu. Sikuchimba pale ulipoweka kigingi."

Felisita anasema uji ulimganda mdomoni.

"Ulichimba wapi?"

"Nilianza palepale. Nikapita moramu, nikakuta mbuga. Agosti ile, mayu, ilikuwa kama zege. Sururu inaruka inarudi usoni. Nusu siku nimeshuka mpaka magotini tu. Nikalifukia, nikarudishia moramu juu. Nikang'oa kigingi nikakisogeza juu hatua kumi na mbili, kule kuna kichanga, saa mbili nimemaliza."

"Na kigingi ukakiacha hukohuko."

"Nikakiacha. Sikujua kama ni kitu kikubwa hivyo. Nilidhani unataka udongo tu. Sasa jana Elia kaniambia nguzo za magari zinakaa palepale. Nyumba yangu mwenyewe iko kwenye mbuga, mlango naufunga kwa bega. Nikaona hapana."

Nimeifikiria sana asubuhi ile. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Kulwa angenyamaza, angechimba, Elia angeona udongo mweusi, angemwaga moramu kama wanavyofanya wote, na ufa ungekuja baada ya miaka miwili ambapo kila mtu amesahau nani alichimba wapi. Felisita naye angeweza kumjibu "sawa, nimesikia", akakata simu. Au akambebesha Kulwa mzigo wote, maana mchimbaji nani atamtetea? Kazi yake ya kwanza, nguzo za juu zimeshasimama, na mwenye mali anasubiri kufungua kabla ya msimu wa pamba. Ukisema umekosea, mji mdogo huu, nani atakupa kazi ya pili?

Alimwambia Kulwa: "Asante. Njoo na sururu."

Wakachimba palepale, kwa futi safari hii. Moramu kiganja kimoja na nusu. Chini yake nyeusi tupu. Mvua ilishailainisha, ikashika buti zao mpaka kila mguu ukawa mzito kama mtoto. Mita moja, nyeusi. Mita mbili, nyeusi. Akasimama mle ndani, hata kichwa hakionekani, akaanza kucheka peke yake. Kulwa akaogopa.

"Mayu, kulikoni?"

"Nimekua nayo hii," akamjibu. "Imenifuata mpaka kazini."

Saa tano Muksini akafika na gari lake. Haya yanayofuata sikuwepo, ila Felisita, Elia na Muksini mwenyewe wamenisimulia, kila mmoja kwa wakati wake, na wanafanana karibu neno kwa neno.

"Bosi," Felisita akasema kabla hajasalimiwa, "msingi wa upande wa chini hauwezi kujengwa kama nilivyochora. Chini ni mbuga. Nilikosea."

Muksini akatazama nguzo zilizosimama, akatazama rundo la nondo zilizokatwa, akamtazama yeye. "Unakosea leo?"

"Nilikosea Agosti. Nimejua leo."

"Elia, wewe unasemaje?"

Elia ana miaka ishirini kwenye zege, na hapendi mambo marefu. "Bosi, mbuga tunazijua. Tunachota nusu mita, tunamwaga moramu, tunashindilia, maisha yanaendelea. Nyumba ngapi nimejenga hivyo mji huu?"

"Na ngapi hazina ufa?" Felisita akamuuliza.

Elia akakuna kidevu. "Ufa ni ufa tu. Nyumba isiyo na ufa ni ya kwenye kalenda."

"Nyumba ya tofali inavumilia. Hii ina kioo cha mita nne. Nusu ya juu imekaa kwenye kichanga, haiendi popote. Nusu ya chini itapanda masika na kushuka kiangazi. Katikati patachanika, na kioo hakijui kupinda."

"Na nikimwambia Elia aendelee?" Muksini akauliza taratibu, ile taratibu yake ambayo Nancy anasema ni mbaya kuliko kelele.

"Jengo ni lako. Ila mimi naenda halmashauri leo kuondoa sahihi yangu, na nitaandika sababu."

"Unanitisha?"

"Nakuogopea, bosi."

"Nani alichimba lile shimo?"

"Mchoro ni wangu. Niandike mimi."

Mafundi wote wanajifanya wanatafuta kitu chini. Halafu Kulwa akavua kofia.

"Ni mimi, bosi. Nilisogeza kigingi."

"Wewe Kulwa?" Muksini akageuka mzimamzima. "Si wewe uliyeniomba buti mpya juzi?"

"Ni mimi."

"Nikakupa?"

"Bado, bosi."

"Bahati yako. Ningekuvua." Akaingia garini. Dirishani akasema maneno mawili: "Siku tatu." Akaondoka, matope yakawarukia wote.

Siku tatu za kufikiria kama amfukuze Felisita, ndivyo alivyoniambia mwenyewe bila aibu. Alishampigia simu mtu fulani aliyemhakikishia moramu inatosha, na kwa bei nzuri. Alikuwa ameshaamua.

Felisita hakumpelekea karatasi. Alichukua udongo wa aina mbili, ule wa juu na ule wa chini, akauanika juu ya bati mpaka ukakauka, akautwanga ukawa unga. Jioni akaenda kwenye duka la spea la Muksini, ofisi iko nyuma, akaomba kwa muuzaji glasi mbili tupu za chai, akazijaza unga nusunusu, moja nyeupe, moja nyeusi, akamimina maji kidogokidogo mpaka yakafika juu. Akaziweka katikati ya meza. Akaenda zake.

Asubuhi aliyezikuta wa kwanza ni Mboni, mke wa Muksini, ambaye ofisi ile ni yake kuliko ya mume. Sauti yake iliwafikia wauza matairi.

"Nani kaweka tope kwenye glasi zangu? Hizi ni za wageni! Muksini!"

Muksini akaja. Glasi ya kichanga ilikuwa vilevile, nusu. Ya mbuga ilikuwa imepanda mpaka karibu na mdomo, imevimba kama unga wa maandazi.

"Nani kaongeza hii?" akauliza.

"Maji," akasema Felisita, ambaye alishafika na amesimama mlangoni.

Mboni akainama, akaichunguza glasi huku na huku. "Zilikuwa sawa hizi?"

"Sawasawa, mama. Nusu kwa nusu."

"Na hii nyeusi ndiyo iko chini ya magari?"

"Chini ya nusu ya magari."

Mboni akamgeukia mumewe. "Muksini, wewe unataka kuweka magari juu ya maandazi?"

Hapo kesi ikaisha. Anayedhani nguvu ya mhandisi ni kalkuleta hajakutana na Mboni.

Ikabidi achore upya. Mimi sijasomea uhandisi, nimesoma mtandaoni na kumsumbua yeye mwezi mzima, kwa hiyo naeleza nilivyoelewa. Jengo likakatwa mawili. Nusu ya juu ikabaki kwenye msingi wake wa kichanga, na zege lililomwagwa halikupotea. Nusu ya chini ikawa jengo lake lenyewe, linasimama kwa miguu yake. Miguu kumi na miwili ya zege inayopita ndani ya mbuga bila kuitegemea, inashuka mpaka tabaka gumu lililo chini, mita nne, kwingine tano na zaidi. Sakafu haikai juu ya udongo, imebebwa na miguu ile, na chini yake pameachwa wazi. Mbuga ivimbe itakavyo, haigusi kitu. Kati ya majengo mawili, kuanzia msingi mpaka paa, pengo la vidole viwili. Ukiingia unaliona sakafuni, limefunikwa na bati jembamba. Mmelikanyaga wote mkipiga picha.

Mteremko uliokuwa tatizo ukageuka faida. Kwa kuwa ardhi inashuka, nafasi chini ya sakafu ilikuwa kubwa, mtu anasimama. Muksini akafurahi mno.

"Hapo naweka kuoshea magari!"

"Hapana."

"Kwa nini hapana? Kuna kivuli, kuna nafasi."

"Bosi, udongo huu adui yake ni maji, na wewe unataka kuupigia mpira wa maji kila siku?"

"Kidogo tu."

"Weka matairi. Magari utaoshea juu, na maji yapite kwenye mfereji yatoke nje ya kiwanja."

"Injinia, wewe mgumu."

"Ndicho unachonilipia."

Mashine ya kuchoronga ikaja kutoka Mwanza kwenye kile kiangazi kidogo cha Januari. Na kwenye kila shimo, unajua nani alisimamishwa pembeni? Kulwa. Felisita alimwomba Muksini, akamwambia mtu aliyekiri mwenyewe hatasogeza kitu tena maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kushika udongo unaotoka, kuusugua vidoleni, na kusema umebadilika saa ngapi. Anasema kuanzia shimo la sita hakuhitaji hata kushika, alisikia mlio wa mashine ukigeuka. Akapiga kelele "Imefika!", Felisita akashusha kamba, akapima, akaandika. Hakuna shimo lililomwagwa zege kabla yeye hajasimama juu yake na futi yake. Kuhusu ng'ombe, Muksini alizungushia mabati kiwanja kizima.

Msimu wa pamba ulimpita. Badala ya Mei alifungua Septemba, na magari yake yalikaa Dar miezi yote hiyo yakila vumbi. Gharama ilipanda pia. Sitaki kupamba: aliumia, na alimnunia Felisita mpaka siku ya ufunguzi. Kwenye hotuba hakumtaja.

Halafu zikaja mvua za mwaka huu. Mnazikumbuka, zilizokata barabara mara mbili. Mwezi uliopita, zilipotulia, Felisita alikuja na tochi na futi. Nilikuwepo, nimempelekea Nancy chakula. Akaingia chini ya sakafu, kule kwa matairi, akaenda mpaka kwenye kona ya mwisho upande wa mwinuko, ambako inabidi kutambaa. Muksini alikuwa amesimama juu, mikono nyuma, anajifanya anakagua Noah. Mimi nilikuwa naangalia kioo kilicho mbele ya mdogo wangu.

Akatoka magoti meusi.

"Vipi?" akauliza Muksini.

"Udongo umepanda vidole vinne toka kiangazi."

"Na jengo?"

"Jengo liko pale lilipokuwa. Pengo limecheza kidogo, unene wa kucha. Kioo hakina habari."

Muksini akatikisa kichwa mara kadhaa. Akatoa leso, akampa afute magoti. Halafu akashukuru kwa Kisukuma, yeye ambaye kwao ni Tanga na Kisukuma chake ni cha kuuzia spea: "Wabeja, injinia. Wabeja kwa ile siku uliyoniudhi."

Felisita akageuka ukutani kama anapima kitu. Hakuwa anapima kitu.

Baadaye, tunakula karanga, alinionyesha simu. Muksini kamtumia watu watatu wenye viwanja vya mteremko, mmoja wa Kasoli anataka ghala. Ukijumlisha na mmoja aliyekuja mwenyewe, yule msichana aliyeogopa hatapata kazi ya pili ana kazi nne. Kwenye zote nne mchimbaji ni Kulwa.

Nami niseme langu, halafu mnitukane mnavyotaka. Asante, Felisita. Mdogo wangu anakula wali wake hapo kila siku na haiwazi kabisa mbuga iliyo chini yake, na ni vizuri asiiwaze. Asante kwa kusema "nilikosea" mbele ya mafundi kumi na tano. Mimi nimeandika ujinga mwingi humu na sijawahi kulisema neno hilo hata mbele ya mmoja. Na asante Kulwa, kwa simu ile. Ilikugharimu kitu gani kuipiga, wewe ndiye unayejua.

Sasa nina ombi, na nakuomba wewe unayesoma, si jirani yako. Kuna kitu ulikifupisha kwenye kazi ya mtu. Ulichimba pembeni, ulipunguza nondo, ulichanganya zege kwa haraka maana jua lilikuwa kali, na hakuna aliyeona. Sikuhukumu. Ila acha kusoma sasa, mtafute mwenye kazi, mpigie umwambie ukweli. Fanya leo, kabla zege halijamwagwa.